Pawaso ya Guka Ilikufa 2018, Nimeifufua Mara Mbili: Soma Hii Kabla Ufungue Injini Kejani

Wasee, kama kuna mashine imekufa hapo kwenu na unafikiria kuiuzia msee wa skrepa na kilo, ngoja kwanza. Kaa chini tupige story.

Mimi si fundi. Kazi yangu mnaijua, ni kuwaletea udaku na story za mtaa. Chuo niliacha semista ya tatu, na kozi yenyewe haikuwa ya injini. Lakini mwaka wa 2024 nilimaliza karibu miezi mitano nikinuka petroli juu ya pawaso moja ya zamani, na nikachoma renti ya mwezi mzima kabla nielewe kitu moja: injini haifi bure. Kuna kitu huwa imeiua. Ukiweka spea mpya bila kujua hiyo kitu ni gani, itazimaliza na hizo pia.

Hapa chini nimekuwekea venye nilikosea, venye nilirekebisha, na hatua zenye unaweza fuata ukiwa kejani na spana za kawaida.

Hii pawaso ilitoka wapi

Ni ya guka. Ni Stihl 070, ile kubwa yenye ukipita mahali wanapasua mbao utaisikia kitambo kabla uione. Injini yake ni ya cc 106. Kukupea picha, boda ya Boxer yenye inakutoa stagi hapa Kitengela ni ya cc 100 ama 150. Yaani ni injini ya boda, lakini badala ya kuikalia unaibeba na mikono. Na usilalamike, juu Stihl ilianza Ujerumani 1926, na mashine yao ya kwanza ya petroli, ya 1929, ilikuwa kilo 46. Hii ya guka ni afadhali.

Guka alipasua saipresi upande wa Kinale miaka mingi sana. Hiyo ndio mboka ilisomesha familia, na ndio ililipa karo yangu ya kwanza chuo. Alafu Februari 2018 serikali ikapiga marufuku ukataji wa miti kwa misitu ya umma. Ilifaa iwe siku 90. Ikaongezwa, ikaongezwa tena, mpaka Julai 2023 ndio Rais Ruto akatangaza imeondolewa, na hata hapo story ikaishia kortini.

Guka hakungoja hiyo drama. Alifunga kazi, akahamia kwa aunty Isinya, na pawaso ikatupwa kwa banda la kuku na petroli ikiwa bado ndani ya tenki. 2019 mimi nikawa nje ya chuo. Hiyo hesabu haihitaji kalkuleta.

Sasa songa mpaka Aprili 2024, ile mvua ya kuharibu kila kitu. Mti mkubwa ukaangukia ua la jirani ya aunty. Msee wa pawaso akaitwa, akakata kama masaa mawili, akaondoka na thao nne. Nikaangalia hiyo thao nne ikiingia mfukoni. Nikageuka nikaangalia banda la kuku.

Mara ya kwanza: venye nilichoma renti

Niliweka pawaso kwa gunia nikapanda nayo mat mpaka Kitengela. Konda alinilipisha kama abiria wawili, lakini hiyo ni story ya siku ingine.

Kuvuta kamba, inakuja laini kama uzi wa pazia. Kompresheni hakuna. Nikatoa ekzosi, nikamulika ndani na tochi ya simu, nikaona pistoni imechubuka michirizi mirefu upande mmoja. Kwa akili yangu kesi ikawa imeisha: pistoni imeharibika, nunua ingine. Nikaenda tao nikachukua seti nzima ya kopi, silinda na pistoni na ringi, thao nne na nusu. Hiyo doo ilikuwa renti. Nikajiambia kazi mbili tu na imerudi.

Nikafunga wikendi moja nikiangalia vidio. Jumapili jioni ikawaka, manze! Majirani wakatoka kwa balkoni. Nikarekodi nikaweka stetasi. Wasee wakanitumia moto moto.

Kitu moja tu ilikuwa inanishangaza. Nikiachilia mafuta, injini haikuwa inatulia. Ilikuwa inajikimbiza yenyewe, inapanda inashuka, kama mtu amekunywa kahawa sita. Mimi nikadhani hiyo ndio nguvu.

Tenki ya pili, nikiwa katikati ya gogo, ikaanza kuchoka. Sauti ikabadilika. Alafu ikanyamaza, kamba ikashika, haivutiki. Kuifungua, pistoni mpya imechubuka michirizi ile ile, upande ule ule. Wiki hiyo keateka akaniwekea kufuli ya mlango.

Nikabeba pistoni zote mbili nikaenda Isinya. Guka siku hizi masikio hayako fiti, hiyo ndio bei ya kushika hizo mashine miaka mingi bila kinga, lakini macho bado iko sawa. Akashika ya zamani mkono mmoja na mpya mkono mwingine, akazigeuza pole pole. Akacheka.

"Kijana, wewe ulimnunulia mgonjwa suti."

Sikuelewa. Akaniuliza, "Huyu wa kwanza ni nani alimuua? Na huyu wa pili? Si ni yule yule?"

Hapo ndio mambo yalianza kuingia kwa kichwa.

Elewa kwanza hii injini hupumua aje

Injini ya pawaso si kama ya Boxer. Ya boda iko na oili yake chini, imekaa peke yake, na iko na valvu za kufungua na kufunga. Ya pawaso haina hizo zote. Oili inachanganywa na petroli kwa tenki moja, na hiyo hiyo ndio inapaka pistoni na beringi ikipita.

Pistoni ikipanda, inavuta hewa na petroli kutoka kwa kabureta mpaka chini, mahali kranki inazungukia. Ikishuka, inausukuma huo mchanganyiko upite kwa njia za pembeni uende juu kuchomwa. Maana yake ni hii: pale chini kwa kranki lazima pasivuje hata kidogo. Pakivuja, injini inavuta hewa yenye haijapitia kwa kabureta. Hewa inakuwa mingi, petroli inakuwa kidogo, na oili pia inakuwa kidogo juu inakuja na petroli. Injini inakimbia sana, inachemka, pistoni inapanuka, inajisugua kwa silinda, inashika.

Sasa rudi kwa ile kujikimbiza yenyewe nilisema. Haikuwa nguvu. Mashine ilikuwa inaniambia inavuja, na mimi nilikuwa busy na stetasi.

Hatua ya 1: Pima kabla ufungue kitu

Ingia na vipimo vitatu.

Kompresheni: shika kamba ya kuwashia, inua pawaso ining'inie nayo plagi ikiwa imefungwa na swichi ikiwa imezimwa. Ikishuka pole pole na kusimama simama, bado iko na uhai. Ikishuka mbio kama ndoo kwa kisima, ringi ama silinda imeenda. Ukipata geji ya kuazima kwa fundi wa boda, injini yenye iko sawa husoma zaidi ya psi 120. Chini ya 100 usisumbuke kuiwasha, fungua.

Moto: toa plagi, irudishe kwa waya wake, ishikanishe na chuma ya silinda, vuta kamba. Uone cheche ya buluu. Fanya hii mbali na petroli, na usiwe karibu na jiko ya mathe.

Petroli: kama imekaa miezi, mwaga. Yangu ilikuwa imekaa miaka sita, ilikuwa inanuka kama vanishi ya viti.

Hatua ya 2: Fungua na akili

Toa cheni na baa kwanza. Si ile baa ya Ijumaa, ni ile chuma ndefu yenye cheni huzunguka. Injini haifai kukaguliwa ikiwa na meno.

Piga picha kila kitu kabla ukitoe. Nati weka kwa trei ya mayai, kila shimo na hatua yake. Trei haina gharama na itakuokoa usiku wenye umebaki na nati tatu na hujui zilitoka wapi.

Klachi ndio hushinda watu. Kwa pawaso nyingi uzi wake ni wa kinyume, yaani inafunguka ukizungusha kwenda kulia. Angalia kama kuna mshale umechorwa. Kuzuia injini isizunguke, subiri pistoni ipande ifunge tundu la ekzosi, alafu ingiza kamba safi kwa shimo la plagi mpaka ijae. Usitumie bisibisi hapo. Utatoboa pistoni na utajilaumu.

Hatua ya 3: Soma pistoni kama ripoti ya daktari

Hii ndio hatua yenye niliruka, na ndio ilinikosti.

Ikichubuka upande wa ekzosi peke yake, hiyo ni joto. Ama oili ilikuwa kidogo, ama kabureta inapeana petroli kidogo, ama kuna mahali pa kuvuja hewa.

Ikichubuka upande wa kabureta, hiyo ni uchafu umepita kwa filta. Na kwa hii vumbi yetu ya Kajiado, filta ikipasuka kidogo tu umeisha.

Ikichubuka kila mahali na iko kavu, inang'aa, hakuna dalili ya oili, mtu aliweka petroli tupu.

Zangu zote mbili zilikuwa upande wa ekzosi. Oili nilikuwa nimepima. Kwa hivyo mtuhumiwa alikuwa amebaki kabureta ama hewa.

Hatua ya 4: Tafuta mahali inavuja

Hii utaifanya silinda ikiwa imefungwa. Huhitaji mashine ya bei. Kata vipande viwili vya chubu ya baiskeli. Kimoja weka katikati ya silinda na ekzosi ukaze nati, kingine weka penye kabureta hukaa ukaze. Hapo umeziba mlango wa kuingia na wa kutoka.

Chukua plagi mzee, toa ile kauri ya ndani, alafu mwambie msee wa kuchomelea akuwekee kapaipu kadogo hapo. Ifunge kwa shimo lake. Zungusha injini mpaka pistoni ifike chini kabisa, ndio njia za pembeni zifunguke na hewa ifike kwa kranki. Alafu pampu. Mimi nilitumia ule mpira wa mkono wa mashine ya kupima presha ya damu, na geji yake. Ipandishe mpaka karibu 300. Usitumie kompresa ya kujaza gari, utapasua kitu.

Mwagilia maji ya sabuni kila pembe: chini ya silinda, mahali kabureta inashika, na pande zote mbili za kranki, yaani nyuma ya flaiwili na nyuma ya klachi. Povu likitokea hapo ndio kwenye shida.

Yangu ilitoa povu nyuma ya flaiwili, tena si kidogo. Sili ya mpira ya kranki ilikuwa imekauka ikawa ngumu kama kucha. Miaka sita kwa banda la kuku, joto ya Isinya mchana, baridi usiku, imekaa tu.

Sili zote mbili, ya kushoto na ya kulia, nilizipata na soo sita. Nimechoma seti ya thao nne na nusu na renti juu, sababu ya mpira wa soo sita ama chini.

Kuzitoa, toboa kashimo kadogo kwa bati ya sili, ingiza skrubu, vuta na plaisi. Pole pole, usikwaruze shafti. Kabla uweke mpya, funga selotepu kwa uzi wa shafti ndio usikate mdomo wa sili, paka oili, alafu isukume ikae sawa ukitumia soketi yenye saizi kama yake. Ukishaweka, pima tena na sabuni. Presha ikae bila kushuka.

Ukiwa hapo, zungusha kranki na mkono. Ukisikia kama kuna mchanga ndani, ama shafti inatikisika juu na chini, beringi imeisha. Hiyo inahitaji kupasua nyumba ya kranki katikati. Kama hujawahi, peleka kwa fundi. Hakuna aibu.

Hatua ya 5: Silinda usiitupe mbio

Zile michirizi unaona kwa silinda, mara nyingi si silinda imekatika, ni alumini ya pistoni imejibandika hapo. Pitisha kucha. Ukihisi imepanda juu, hiyo ni uchafu unaweza toka. Ukihisi imezama na kucha inashika, silinda imeenda.

Mimi nilitumia msasa wa maji namba 400, mkono tu, nikisugua kwa kukatizana na si kwenda juu na chini. Ilichukua jioni mbili. Alumini ikatoka na ngozi ngumu ya ndani ikabaki. Kuna wasee hutumia asidi ya kuosha choo. Inafanya kazi lakini ikipata mahali ngozi imetoboka inakula silinda, na inaweza kukula macho pia. Mimi nilipita.

Na usikubali fundi wa boda akuambie mpeleke riboo. Silinda ya boda ni chuma ndani, inakubali. Hii ya pawaso imepakwa ngozi nyembamba ngumu. Ukiichonga, ngozi imeenda na silinda imeisha.

Kwa sababu silinda iliokoka, mara ya pili nilinunua pistoni na ringi pekee.

Hatua ya 6: Pistoni na ringi

Kwa kichwa cha pistoni utaona mshale. Unaangalia upande wa ekzosi. Ukigeuza, ringi itanasa kwa tundu na ikatike siku ya kwanza.

Kwa mfereji wa ringi kuna kapini kadogo. Ule mwanya wa ringi lazima ukae hapo kwa pini. Kama hauko hapo, silinda haitaingia, na ukilazimisha unavunja.

Ziba mdomo wa kranki na kitambaa safi kabla uweke zile klipu ndogo za pini ya pistoni. Zinaruka kama panzi. Moja ikianguka ndani na usijue, mashine yote imeisha. Na zisirudiwe, weka mpya kila saa.

Paka kila kitu oili ya tu-stroki. Gasketi mpya chini ya silinda. Kaza nati kwa kukatizana, kidogo kidogo, kama unafunga taya ya gari.

Hatua ya 7: Kabureta

Mashine ikikaa na petroli ndani, kabureta ndio hugonjeka kwanza. Ndani kuna ngozi nyembamba inaitwa diaframu. Ikiwa ngumu kama karatasi ya krips, haivuti petroli vizuri, na unarudi pale pale kwa joto. Nunua kiti yake ya kurekebisha. Osha tundu zote na petroli safi na upulize. Usichokore na waya, zile tundu zimepimwa.

Kuna skrubu mbili, H ya mbio na L ya kupumzika. Kaza mpaka iguse tu, usilazimishe, alafu fungua raundi moja kila moja. Huo ni mwanzo, utarekebisha ikiwaka. Kufungua zaidi ni kuongeza petroli. Ukiwa na shaka, petroli ikuwe mingi kidogo. Moshi unavumilika, kushika hakuvumiliki.

Hatua ya 8: Oili na petroli, hapa ndio wengi hufa

Mtaani utasikia wasee wakisema "weka tu kidogo na jicho." Wengine wanaweka oili ya gari, wengine ile nyeusi yenye imetolewa kwa gari. Acha.

Nunua oili ya tu-stroki. Stihl wanasema hivi: ukitumia oili yao, ni sehemu moja kwa 50, yaani mililita 100 kwa mtungi wa lita 5. Ukitumia ya kampuni ingine, ni moja kwa 25, yaani mililita 200 kwa lita 5.

Ya kupimia, nunua chupa ya kunyonyeshea mtoto pale kemisti. Iko na namba za mililita kwa ubavu. Iandike POISON na maka penye kila mtu ataona, na isiwahi karibia mtoto.

Changanya ya kutumia mwezi mmoja tu. Na ukimaliza kazi na hujui utarudi lini, mwaga tenki, washa mashine ijizime yenyewe ndio kabureta ikauke. Guka angefanya hiyo 2018, nusu ya hii article haingekuwepo. Nilimwambia. Alisema siku hiyo hakuwa na moyo wa kuosha kitu.

Hatua ya 9: Kuwasha

Washia nje. Moshi wa injini ndani ya keja ya bati moja na dirisha moja uko na gesi yenye inaua mtu bila harufu ya kukuonya.

Ikiwaka, iache itulie dakika mbili tatu, uzime, ipoe. Rudia. Usiikanyage mafuta yote ikiwa haina kitu inakata. Tenki za kwanza kata vitu vidogo.

Alafu sikiza. Ukiachilia mafuta, lazima ishuke na itulie. Ikianza kujikimbiza, zima saa hiyo hiyo. Si nguvu. Inavuja mahali.

Gharama yangu, bila kuficha

Mara ya pili nilitumia: pistoni na ringi 1,500, sili mbili 600, kiti ya kabureta 500, gasketi 200, plagi 300, filta 400. Jumla 3,500. Ongeza ile 4,500 nilichoma mara ya kwanza, ni thao nane. Bei zako zinaweza kuwa tofauti, inategemea unanunua kopi ama orijino na umejua kubageini aje. Lakini ona kitu: kama ningeanza na pistoni ya zamani na sabuni, ile thao nne na nusu ingebaki kwa landilodi.

Ukishaifufua, utakata nini?

Hapa niwe mkweli. Kajiado haina miti mingi ya kuchezea. Ile migunga unaona ukienda Isinya mpaka Ilbissil inamea pole pole sana, na maganda yake ndio mbuzi hula kiangazi ikikaza. Tulipitia ukame wa 2020 mpaka 2023, mifugo ikaisha. Mti mmoja wa hivyo ukienda makaa, umekula lishe ya mtu.

Kwa hivyo mimi niko na sheria yangu: yenye imeanguka, yenye imekauka, na yenye mtu alipanda mwenyewe kwa ploti yake. Msitu wa serikali usiguse bila leseni ya KFS. Sheria ya misitu ya 2016 iko na meno kuliko hiyo cheni. Na kabla ubebe mbao kwa pikapu, pitia ofisi ya KFS uulize kibali, ndio usikutane na makarao barabarani ukianza kujieleza.

Jambo lingine: hizi 070 za zamani hazina breki ya cheni. Ikirusha, inakuja kwa uso. Kofia, miwani, buti, na kinga ya masikio. Ukiona hizo ni gharama, muulize guka kitu, alafu uone mara ngapi atakuambia "ati?"

Siku guka alikuja

Oktoba aunty alimleta guka Kitengela. Niliiwasha nje ya ploti. Hakuwa anaisikia vizuri, kwa hivyo akaweka kiganja juu ya mshikio wa nyuma, akafunga macho. Nikakanyaga mafuta, nikaachilia. Ikashuka, ikatulia.

Akauliza oili nimeweka ngapi. Nikamwambia mia mbili kwa lita tano. Akaomba chupa anuse.

"Sasa hii imepona," akasema. Alafu akaniuliza kama chuo bado wanachukua watu.

Sijamjibu bado. Mpaka sasa nimefanya kazi saba, miti ya kuanguka na miwili mikavu kwa ploti za Milimani. Renti iko sawa, guka anapata thao yake kila kazi, na kuna kabahasha siwezi kuguswa nimeandika "karo" juu yake. Bado ni nyembamba, lakini iko.

Wewe je? Ni mashine gani imelala hapo kwenu inangoja mtu aulize nani aliiua? Jenereta, pampu ya maji, mower ya mdosi? Piga picha ya pistoni yake kabla ununue kitu. Jibu huwa liko hapo.